Kununua gari mtandaoni ukiwa Mwanza bila kuiona: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi nauza nyavu na kamba pale Kirumba, siyo dalali wa magari wala fundi. Ila nimenunua gari tatu bila kuziona kwa macho, mbili za Dar na moja ya Japan. Ya kwanza ilinitoa machozi, ya pili ikanitoa jasho, ya tatu ndo naendesha mpaka leo. Tangu watu wajue hilo simu haipoi, mara shemeji, mara mtu wa kanisani, mara mteja katoka Ukerewe kuchukua nyavu lakini kabla hata ya salamu kuisha ananionyesha picha ya IST kwenye simu, "kaka hebu nichekie hii". Sasa nimeyaandika yote hapa, ukinitumia picha nakutumia hii.

Hivi kweli mtu anaweza kununua gari bila kuiona?

Anaweza, na gari nyingi unazoziona zinapandisha mlima wa Bugando zilinunuliwa na mtu aliyeona picha tu, maana zimetoka Japan na aliyeagiza hajawahi kufika huko. Kinachowaliza watu ni pale ambapo hakuna hata mtu mmoja wa upande wao aliyeigusa ile gari, aliyeiona ni muuzaji peke yake na yeye ndo anataka hela. Kwa hiyo kila jibu utakalosoma hapa chini ukilichunguza utakuta nazungukia hilo hilo, nani ameiona kwa niaba yako na nani kamlipa.

Niagize Japan au nichukue ya mtu Dar?

Inategemea una haraka kiasi gani. Ya Dar unaipata wiki hii, kodi ishalipwa, ina namba, lakini imeshakula barabara zetu na imeshapita kwa mafundi wetu, na hao wote hawaandiki popote walichofanya. Ya Japan unasubiri, kulipa, kupangiwa meli, safari, kutoa bandarini, wewe weka miezi miwili kichwani na ikiwahi ushukuru. Uzuri wake inakuja na karatasi, na karatasi ya Mjapani naiamini kuliko kiapo cha dalali. Mimi ya tatu niliagiza na sijuti, ingawa siku ya kodi nilikaa chini kwanza nikanywa maji.

Kwani kodi ni kiasi gani? Mbona bei ya mtandaoni ni ndogo?

Hapa ndo watu wengi wanateleza. Anaona IST dola elfu mbili na kitu anaruka, anaita mke. Subiri kwanza. Ukiona bei imeandikwa FOB jua hiyo ni gari kupakiwa kwenye meli kule Japan basi, nauli bado. CIF ndo imejumlisha nauli ya meli na bima mpaka Dar. We kila siku ulizia CIF Dar, hiyo nyingine ni ya kukutamanisha.

Alafu TRA, wale wa mapato, wanaanza kuhesabia juu ya hiyo CIF. Ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa unaoenda na ukubwa wa injini, cc 1000 kushuka hakuna, ukivuka hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 asilimia 10. Kuna na ule wa uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Na VAT asilimia 18 inakuja mwisho inakaa juu ya vyote hivyo, yani unalipa kodi ya kodi.

Tuchukue gari ambayo CIF yake kwa pesa yetu ni milioni 10, cc 1300, ina zaidi ya miaka 10. Forodha 2,500,000. Ya injini 625,000. Uchakavu 3,750,000. VAT 3,037,500. Jumla 9,912,500, na bado kuna tozo ndogondogo kama ya reli, bado bandari, bado ajenti wa kukutolea gari bandarini, bado usajili na namba. Kwa hiyo gari ya milioni 10 weka milioni 20 na ushee ndo ulale. Viwango hivi bajeti huwa inavigusa kila Julai, ndo maana usitumie hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi, ingia kwenye tovuti ya TRA kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika, unajaza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa na cc, kinakupa jibu hapo hapo bure.

Ajenti kaniambia tutaandika invoisi ndogo kodi ishuke. Ni kweli?

TRA wana thamani zao kwenye mfumo. Invoisi yako ikiwa chini ya pale wanatumia ya kwao. Huyo ajenti anatafuta kukupendeza.

Miaka ya gari naona miwili tofauti kwenye tangazo, niamini upi?

Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japan vinaweza kupishana. Gari imetoka kiwandani mwishoni mwa mwaka, imesajiliwa mwaka unaofuata, muuzaji anaandika ule mpya maana ndo mtamu. We shika wa kutengenezwa, maana ukikosea mwaka mmoja tu unaweza kuwa umevuka kutoka asilimia 15 kwenda 30 ya uchakavu. Sisi hatuna katazo la umri kama Kenya, wao gari ikizidi miaka 8 haiingii kabisa, sisi inaingia ila unalipia uzee wake.

Shiti ya mnada ndo nini, na nikiipata naisomaje?

Gari nyingi za Japan zinapita mnadani kwanza kabla kampuni ya mtandaoni haijakuuzia. Pale mnadani kuna mkaguzi ambaye hajui sura yako wala ya muuzaji, anaizunguka gari anajaza karatasi moja, kuna mchoro wa gari umetandazwa kama ngozi ya mbuzi juani, na kila kasoro anaiandikia herufi na namba. Karatasi yenyewe ni Kijapani lakini zile herufi ni zetu hizi hizi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu ilishanyooshwa na kupakwa rangi, S kutu, C kutu iliyokwisha kula bati, X kitu cha kubadilisha, XX kimeshabadilishwa. Namba inaonyesha ukubwa, A1 ni mkwaruzo wa kucha, A3 hiyo utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Juu kabisa kwenye kona kuna gredi ya gari zima. 4.5 na 4 ni safi, 3.5 ni gari ya mtu wa kawaida, 3 jiandae. Ukiona R au RA hiyo ilishapata ajali ikatengenezwa. Haimaanishi haifai, wapo wanaozinunua wakijua na wanapunguziwa bei, tatizo ni kuinunua kwa bei ya 4 kwa sababu picha zinang'aa. Kuna na herufi ya ndani ya gari, A, B, C, D, hiyo ni viti na dashibodi na harufu ya sigara.

Mimi kabla ya kupata hii yangu niliomba shiti za gari tano. Mbili wakaniambia shiti haipo, nikaachana nazo. Moja ilikuja RA wakati kwenye picha ilikuwa inameta kama sato aliyetoka majini sasa hivi. Nikakuza ile karatasi kwenye simu, kwenye bamba la mbele pameandikwa XX, kwenye fenda XX, boneti W2. Yani mbele yote siyo yake. Muuzaji alikuwa ananiita "my brother" kila sentensi, nilipomuuliza hizo XX akanyamaza siku mbili.

Kilomita zinaaminika?

Za gari ya Japan unaweza kuzihakiki. Kuna cheti cha usafirishaji kinachotolewa gari ikifutwa usajili kule, na kile huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa serikali. Kama cheti kinasema 98,000 na dashibodi inasema 61,000, kazi imeisha, mwambie kwaheri.

Za gari ambayo ishaishi Bongo miaka sita, sahau kile kioo. Angalia vitu ambavyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta, pedali ya breki imeisha mpira, usukani umekuwa laini unateleza kama sabuni, kiti cha dereva kimelala upande wa mlango. Gari ya kilomita 70,000 haiwezi kuwa na pedali ya kipara.

Matangazo ya Insta na WhatsApp yana lugha yake, nisaidie kutafsiri

Hahaha hili nalipenda. "Gari imenyooka" maana yake imeoshwa. "Full dokumenti" maana yake ana kopi ya kadi kwenye simu. "Ilikuwa inaendeshwa na mdada" wanataka uamini ilikuwa inaenda sokoni na kanisani tu, kumbe mimi nawajua wadada wanaochapa Mwanza Shinyanga kila wiki na hawashuki 120. "Injini haijafunguliwa" anayejua ni fundi aliyeifungua. "Inahitaji usafi mdogo tu" kaa mbali. "Bei maongezi" ameshapandisha. "Bei haipungui" atapunguza Ijumaa jioni. "Mwenye gari ana shida ya haraka" hiyo nitaieleza chini maana imewala watu. "AC inahitaji gesi tu" bwana, kama ingekuwa gesi tu si angejaza, gesi ni hela ngapi? Mara nyingi ni kompresa au kuna sehemu inavuja.

Na ukiona "nicheki inbox kwa bei" jua bei inapangwa kwa kuangalia picha yako ya profaili.

Fundi wa kunikagulia Dar nampataje na afanye nini?

Kwanza amua kwamba utamlipa wewe, nauli na jasho lake, tena kabla hajaiona gari, na umwambie wazi ukiniambia niache hela yako iko palepale. Fundi anayelipwa tu gari ikinunuliwa huyo ni dalali mwenye spana. Usimchukue fundi aliyeletwa na muuzaji hata kama ni mzee ana mvi. Mimi nampata kupitia fundi wangu wa Nyakato, mafundi wanajuana, nasema niunganishe na mtu uliyesoma naye gereji ambaye yuko Dar sasa.

Sasa nieleze ile gari ya machozi maana ndo imenifundisha haya. Ilikuwa Raum, ya fedha, picha kumi na mbili, tairi zimepakwa dawa nyeusi zinawaka. Sikutuma fundi, nilimtuma mtoto wa mjomba anayesoma chuo huko, akaenda akapiga selfi nayo akaniambia "kaka kali". Nikalipa. Ikaletwa, ikafika Nyegezi usiku, nikaiona kwa taa ya simu, kali kweli. Asubuhi jua lilipoipiga nikafungua mlango ikatoka harufu kama dagaa walionyeshewa mvua wakafunikwa turubai. Nikadhani ilibeba samaki, mimi mtu wa Kirumba harufu hiyo naijua, lakini hii ilikuwa na udongo ndani yake. Fundi wangu mzee, Msukuma wa maneno machache, hakugusa hata injini. Alishika mkanda wa kiti cha nyuma akauvuta mpaka mwisho wote ukatoka. Pale katikati palikuwa na mstari, juu mkanda mweusi safi, chini una rangi ya chai ya maziwa. Akaniangalia akasema "ng'wanawane, hii imeogelea."

Tukanyanyua zulia, chini kuna mchanga laini wa mafuriko umeganda kwenye pembe. Soketi za waya chini ya kiti zina ukungu wa kijani. Gari ilikuwa imezama kwenye mafuriko ya Dar, mambo ya bonde la Jangwani yale, ikakaushwa ikapigwa pafyumu. Miezi miwili mbele vioo vilianza kujishusha vyenyewe usiku, taa za dashibodi zinawaka kama disko, nikaiuza kwa hasara na niliyemuuzia nilimwambia ukweli wote maana ningemficha jambo hilo lisingenitoka kichwani.

Kwa hiyo fundi wako aanze na mikanda yote aivute mpaka mwisho, anyanyue zulia, anuse. Aangalie kibandiko kilichoshonwa chini ya mkanda kina mwaka, ulingane na gari. Aangalie vioo vyote vina chapa moja, kimoja kikiwa cha kampuni nyingine aulize kwanini. Agonge bodi kwa kidole, penye pati, ile rojo ya kuzibia mabonde, panaitika mlio mzito kama mlango wa mbao. Injini aikute baridi, hii ni muhimu, muuzaji asiiwashe kabla, ikiwashwa ya baridi ndo utaona moshi wa bluu na kusikia cheni inalia. Afungue kifuniko cha oili, kukiwa na utelezi kama maziwa ya mgando maji yanaingia kwenye oili. Achomeke mashine asome makosa, na hapa awe mjanja, kama mashine inaonyesha kumbukumbu imefutwa leo asubuhi kuna mtu ana siri. Apande nayo mlima. Gia boksi mbovu kwenye tambarare haijionyeshi.

Sina fundi wala hela ya fundi, video call inatosha?

Huna hela ya fundi lakini una hela ya gari, hapo sikuelewi. Ila kama ni kuchuja kabla hujamtuma fundi video inasaidia sana. Muombe aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi aiweke juu ya boneti, alafu azunguke bila kukata. Mwambie "bosi shika boneti kwa kiganja, iko baridi?" Aingie awashe, kamera iwe kwenye dashibodi, taa zote ziwake kwanza alafu zizime, taa ya injini ikiwa haiwaki kabisa hata mwanzo balbu imetolewa. Aonyeshe tairi, kuna namba nne kwenye ubavu, kama ni 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Aonyeshe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati, siyo ya kwenye kadi. Anayesema mtandao unasumbua kila ukifika kwenye injini, mtandao hausumbui.

Muuzaji anataka advansi ya kushikilia gari maana kuna mteja mwingine anakuja, nitume?

Hapana.

Lakini anasema ni kidogo tu, laki mbili

Hapana tena. Laki mbili mbili kutoka kwa watu thelathini ni milioni sita na gari haijasogea, na mara nyingi gari yenyewe siyo yake, picha kaziiba kwenye ukurasa wa yadi. Hadithi huwa zinafanana, amehamishwa kikazi ghafla, mama kalazwa, gari ipo bandarini imebaki ushuru nusu tuchangie. Chukua picha uitafute kwenye Google kwa kutumia picha yenyewe, utaikuta inauzwa Arusha, Mbeya na Lusaka siku moja. Na jina linalotokea ukituma kwa simu, kama gari ni ya Juma na M-Pesa inasema Neema, simama hapo.

Mimi naagiza Japan, kulipa ni salama?

Unalipa kwa TT, yani benki yako inatuma hela nje moja kwa moja, kwenda akaunti ya kampuni, jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na jina la kampuni kwenye invoisi. Hela ya gari ya Japan haiendi kwa mtu binafsi, wala kwa namba ya simu ya "mwakilishi". Kuna mchezo mmoja mbaya, unakuwa umeongea na kampuni halali kwa barua pepe wiki nzima, mara inaingia barua nyingine inafanana kabisa, inasema akaunti yetu imebadilika tumia hii. Barua pepe imeshadukuliwa. Ukiona akaunti imebadilika piga simu kwa namba uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti yao, siyo iliyopo kwenye hiyo barua. Na slipu ya TT usiitupe.

Nimeona gari IT bei chee sana, zinakatazwa?

IT ni gari ya kupita, imeshuka Dar inaenda Congo, Rwanda, Burundi, haijalipiwa kodi ya hapa. Mtu akikuuzia hiyo "utamalizia namba mwenyewe" anakuuzia kesi. TRA wakiikuta wanaibeba na aliyekuuzia simu yake haitapatikana. Pita nayo mbali.

Na za Kisumu au Kampala? Naona bei ni nzuri na sisi ni majirani

Kodi iliyolipwa kule haikufutii ya hapa, ikivuka Sirari au Mutukula kuja kukaa unaanza na forodha upya. Ile namba ya K unayoiona inazunguka mjini iko kwa kibali cha muda. Piga hesabu yote kwanza, bei nzuri inaishia mpakani.

Mtu ana koneksheni ya mnada wa TRA, gari milioni tatu

Mnada halali unatangazwa hadharani na hela inalipwa serikalini kwa namba ya malipo. Haulipwi kwa mjomba wa mtu.

Karatasi gani nihakikishe kabla ya kulipa ya Dar?

Hii ndo ile gari ya pili, ya jasho. Noah nzima kabisa, fundi kaipitisha, nikalipa, mkataba tukaandika. Wiki ya pili askari ananisimamisha pale Buzuruga anaingiza namba kwenye kile kimashine, anacheka. Madeni ya trafiki yamejipanga kama foleni ya kivuko enzi zile za Busisi, mengine ya miaka miwili nyuma, Chalinze, Kibaha, Morogoro, na parkingi za Dar juu yake. Deni linafuata namba ya gari, haliangalii nani alikuwa anaendesha. Mwenye gari wa zamani nikimpigia anasema "tutaongea". Hatujaongea mpaka leo.

Na kuangalia ni dakika mbili tu na ni bure. Deni la trafiki unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mtandaoni, la parkingi unaangalia kwenye mfumo wa TARURA, bima unahakiki kwa TIRA kama stika ni ya kweli. Ukikuta deni linalipwa kabla au linakatwa kwenye bei, na risiti uione.

Kadi uione halisi, siyo picha. Kadi ambayo haipatikani, "iko kwa mke", "iko kwenye droo ya ofisi", mara nyingi iko benki au kwa mkopeshaji kama dhamana, na gari yenye mkopo inaweza kuja kuchukuliwa getini kwako. Fundi wako alinganishe namba ya chesisi na ya injini na zilizopo kwenye kadi, kwa macho. Anayesaini mkataba awe ndo aliyeandikwa kwenye kadi, na kitambulisho chake, mbele ya wakili. Kama mwenyewe kafariki muombe karatasi za msimamizi wa mirathi, siyo maneno ya mtoto mkubwa. Alafu uhamisho wa umiliki TRA usiuache ukae, nawajua watu wana gari mwaka wa nne na kadi bado ya mtu ambaye hata sura yake wameisahau.

Hela ya gari nailipaje sasa kama siko Dar?

Benki kwenda benki, siku hiyo hiyo mkataba unasainiwa, na mtu wako kakaa pale pale kwa wakili ameshika kadi na ufunguo. Ufunguo wote, na wa akiba.

Gari ikishatoka naileta vipi Mwanza?

Ni kama kilomita 1,100 na zaidi, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. Unaweza kumlipa dereva ailete au uipandishe kwenye lori la kubebea magari. Madereva wengi ni wazuri ila wanalipwa kwa safari, kwa hiyo anakimbiza gari ambayo ndo kwanza imekaa wiki kadhaa baharini. Mimi ya Japan niliiandikia kila kitu kabla, tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, redio, rimoti, mikeka, na namba ya betri nikaipiga picha, maana betri mpya huwa inageuka kuwa mzee njiani hapo Singida. Dereva ukimtumia hiyo orodha kabla hajawasha gari na akakujibu "sawa bosi", safari inakuwa na adabu. Bima iwe imekatwa kabla ya kugusa lami.

Wa Geita na Sengerema nyinyi siku hizi mnavuka daraja la Kigongo-Busisi toka lilipofunguliwa Juni 2025, hamna tena hadithi ya gari kulala Kigongo.

Nimepata Probox hapa hapa Mwanza mtandaoni, hii si naweza kwenda kuiona?

Nenda ukaione, na uulize ilikuwa inafanya nini. Kama ilikuwa mchomoko wa kwenda vijijini imebeba watu tisa kila siku, springi za nyuma na bushi zimekufa hata kama bodi inang'aa. Kama ilikuwa ya samaki, maji ya chumvi na barafu yanachuruzika chini ya zulia yanakula sakafu. Ingia na tochi chini ya gari, bonyeza bati kwa bisibisi.

Gari gani inafaa huku kwetu?

Ile ambayo spea zake zipo mjini bila kuagiza Dar. Ndo maana unaona IST, Vitz, Probox, Noah kila kona. Mimi nilimkatalia shemeji gari moja ya Ulaya, nzuri ajabu, bei ya kutupa, na alininunia mpaka alipoona ya jirani yake imekaa miezi minne Pasiansi juu ya mawe inasubiri sensa moja.

Ikifika nifanye nini kwanza?

Usiibebe familia kwenda Bujora siku hiyo hiyo. Peleka kwa fundi wako, badili oili ya injini na filta, angalia maji ya rejeta, breki, na oili ya gia boksi. Hiyo ya gia boksi ndo iangalie kama yai, maana Passo, Vitz za karibuni na nyingine nyingi zina CVT, ile gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT unaiua, na vijana wengine wa gereji wanasema zote ni nyekundu tu. Nenda mwenyewe dukani, nunua iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti chake cha kupimia, simama pale wakati inawekwa, na zile chupa tupu zipige picha kabla hazijatupwa.